Machela ya Wanaume Wanne

Asubuhi ile nilikaa mlangoni namenya ndizi, na nilikuwa na hasira. Jirani mmoja aliyetoka misani alikuwa amenishika kichwa bila kuniuliza, akasali nisimame nitembee. Nikamwambia aombe mvua, maharage yanakauka. Polio ilinikamata miguu nikiwa mtoto. Nilitembea kwa magoti, nimeyafunga vipande vya tairi, na kijiji kizima cha Nshambya hakuna aliyenishinda kumenya ndizi. Mungu na mimi tulikuwa tumeshaelewana juu ya miguu. Wengine ndio hawakuelewa.

Mchana balozi wa nyumba kumi akaja anahema. Majeshi ya Uganda yamevuka mpaka, watu wa Kyaka wako barabarani, kila mwenye nguvu aelekee Muleba. Aliponiona akatazama pembeni.

Nilikuwa naishi na tata, baba yangu, peke yetu tangu mama afariki. Ndugu zake walikuwa Ijumbi, huko Muleba. Akaenda kuazima machela ya kijiji, ile inayobeba wagonjwa mahututi na maiti. Mara ya mwisho ilikuwa imembeba mama. Lakini machela inataka wanaume wanne, na siku hiyo kila mwanamume alikuwa na mzigo wake na watoto wake.

"Usihangaike, tata," nikamwambia. "Kwenye hiyo sipandi."

"Adventina, unataka watu waseme nimekutupa?"

"Waambie nimekataa. Kibanja hiki cha migomba kina kaburi la mama. Nani atakilinda?"

Alilia mbele yangu, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye msiba wa mama. Alikuwa anakohoa tangu masika, na nilijua akibaki nami nitamuuguza bila dawa. Nikamfokea aende. Akajitwika machela tupu begani.

"Nitarudi na wanaume wanne," akasema. "Utake usitake."

"Mkija mtanikuta namenya ndizi, tata waitu," nikamjibu kwa heshima ya Kihaya.

Nilimsikia akikohoa mpaka migomba ikammeza.

Siku zilizofuata barabara ilijaa wanajeshi wetu wakienda mpakani. Walikuta nyumba zimefungwa, isipokuwa moja inayofuka moshi. Walileta maji na kuni, mimi nikapika ndizi na maharage kwenye sufuria kubwa ya arusi. Hawakunihurumia. Njaa yao ilikuwa kali mno hata wasiweze kumhurumia mtu, na hilo lilinipendeza kuliko sala zote nilizowahi kusaliwa.

Kisha ndege ikaja.

Niliisikia kabla yao. Anayeishi karibu na ardhi huisikia ikitetemeka.

"Shimoni!" nikapiga kelele.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na shimo la kuivishia ndizi za pombe. Wao walikimbia huku na huku. Mimi nilijiviringisha nikaingia. Askari mmoja akaniangukia, kijana wa Kiislamu kutoka Tanga.

Bomu likapiga juu ya kilima.

Udongo ukatumwagikia.

Nikashika rozari, nikasali kwa Kihaya, kwa sauti. Niliposita ili nipumue, akanishika mkono.

"Dada, endelea. Sielewi neno hata moja, lakini endelea."

Nikaendelea. Siku ile nilijua kwa nini nilibaki, na sikuona haja ya kumweleza mtu.

Askari walipita, mizinga ikahamia mbali, majirani wakaanza kurudi. Nilipalilia kwa magoti mstari mmoja mmoja, sikio langu likiwa barabarani, likitafuta kikohozi.

Wanaume wanne walikuja kweli. Lori liliwashusha barabarani, wakateremka na machela polepole. Mbele alikuwa baba mdogo. Nilipoona shuka imefunika mpaka kichwani, nikaweka chini kisu cha kumenyea ndizi.

Kifua kilikuwa kimemwangusha tata palepale alipofika Ijumbi. Hakuinuka tena kitandani. Baba mdogo alinieleza kwamba kila alipoamka aliuliza swali moja: wale wanaume wanne wamepatikana? Nao walimjibu, "Kesho," kwa sababu barabara ilikuwa ya jeshi, na kwa sababu hawakuamini kwamba mimi ni mzima.

Tulimzika kando ya mama. Mahali nilipaonyesha mimi, maana mimi ndiye niliyepapalilia. Nililia mpaka sauti ikakauka. Sijuti kubaki. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alikufa akidhani nimelala njaa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia nalisha jeshi.

Baada ya maziko baba mdogo akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mwanangu, machela iko tupu. Panda twende Ijumbi. Peke yako utaishije?"

"Baba mdogo, vita vimenikuta hapa na vimeniacha hapa. Rudisheni machela kwa wenyewe."

Kisha nikafunga tairi zangu vizuri, nikaenda jikoni. Watu wa msiba walikuwa hawajala.