Kamba ya Leisau

Kamba ya kuanikia ya Leisau ni ya waya, na hapo ndipo jirani yake, mwalimu wa hesabu kutoka Australia, huunganisha antena ya redio yake, maana kwingine kote katika mji huu wa kisiwani, Port Vila, matangazo ya Kiingereza ya kwao hayashiki. Kila asubuhi huchuchumaa chini yake, sikio kwenye spika, kidole kikizungusha kitufe polepole kama anayetoa mwiba. Stesheni za Kifaransa hupita, nyimbo hupita.

"Usianike kwanza, mama. Taarifa iishe."

"Mwalimu, nguo zikioza utanivisha redio?"

Lakini Leisau husubiri, beseni kiunoni. Anajua moto wa msituni umefika upande wa kwao mwalimu, na mama yake aliye huko hapokei simu tangu Jumapili.

Leo sauti ilikuja safi. Mtangazaji alitaja miji iliyoteketea, mmoja baada ya mwingine, akiifuata barabara iendayo kwa mama yake mwalimu. Midomo ya mwalimu ilimtangulia kuitaja. Ulipobaki mji mmoja tu, wa mama yake, akazima redio.

"Mbona unazima, na leo inasikika?"

Mwalimu akainuka, akachukua shuka bichi kwenye beseni la Leisau, akampa.

"Anika, mama," alisema. "Anika zote."