Mboga ya Mkutano wa Msitu

Kibakwe nzima, iwe harusi iwe msiba, anayesonga ugali ni Zuleha, kwa mwiko mrefu wa mninga alioachiwa na mama yake. Kwa hiyo ulipoitishwa mkutano wa kuokoa msitu na chemchemi, wakulima na wafugaji waketi pamoja, Bupe, afisa wa serikali kutoka Mtumba, alimwendea yeye.

"Mama, nyama hapana. Hatuwezi kuulilia msitu huku tunatafuna ng'ombe."

Zuleha akakubali. Haja yake ilikuwa moja tu: mdogo wake Swalihu ale sinia moja na Castory, mfugaji ambaye fimbo yake ilimtoa Swalihu jicho mwaka jana, ng'ombe walipoingia kwenye mahindi yake. Akaenda mwenyewe kumwalika Castory.

"Njooni. Kutakuwa na ugali na mboga."

Castory akaja na ndugu zake wote, fimbo mabegani kama kawaida yao.

Sinia zikafunuliwa: mlenda, mchicha, maharage.

"Mama Zuleha, si ulisema kuna mboga?"

"Kwani hii si mboga?"

"Hii? Kwetu mboga ina mfupa!"

Watu wakacheka, Castory naye akacheka, akanawa akate tonge. Yangeishia hapo. Lakini Swalihu akapaza sauti:

"Kula majani, mzee! Uonje walichoshiba ng'ombe wako shambani kwangu."

Fimbo ya kwanza ilimpata Swalihu shingoni. Ya pili ikampasua jirani yake mdomo, meno yakadondokea kwenye maharage. Mawe yakavurumishwa, mtu akabamizwa kichwa kwenye sufuria, Bupe akatambaa chini ya meza akiita polisi. Castory akateleza kwenye mlenda, akaanguka chali. Swalihu akachomoa panga alilokuja nalo chini ya koti, akaliinua, jicho lake moja likiitazama shingo tu.

Zuleha akaushika mwiko kwa mikono miwili, akaupiga mkono ulioshika panga. Mfupa ukaalika kama ukuni mkavu.

Castory yu hai, na Swalihu hayuko gerezani. Mkono wake wa kulia umefungwa hogo, na kwa wa kushoto mtu hali. Kila siku Zuleha alimkatia tonge. Kila siku yeye aligeukia ukutani. Mpaka njaa ilipomshinda.

"Mboga gani?" Neno lake la kwanza kwa dada yake tangu siku ile.

"Mlenda."

Akafumba jicho, akafungua kinywa.