Jalada la Pili, Mzimu wa Kwanza

Cheka tu, lakini umalize kusoma. Nilipojiunga na kikundi cha wasomaji hapa Kawangware, walikuwa wamemaliza riwaya ya mzimu wa kisimani. Sheria yao ilikuwa moja: asiyesoma kitabu cha kwanza hakai kwenye cha pili. Nikaapa nimekisoma, na sikuwa nimekifungua hata siku moja.

Wakanituma kununua cha pili, maana kwa kupatana bei sina mpinzani. Muuzaji wa kando ya barabara nilimbana mpaka akaniomba niende. Vitabu vikuukuu hupoteza kurasa, kwa hivyo nilizihesabu mara mbili. Zote zilikuwepo.

Jumapili baada ya kanisa nikawasomea kwa sauti kwenye kibanda cha Mama Atieno, fundi wa nguo. Mzimu ulipomshika mtoto mguu, niliruka hadi juu ya benchi. Wenzangu walitazamana tu. Nikadhani ni hofu.

"Mambo mapya haya, ama?" nikawauliza.

Mama Atieno akatoa pini mdomoni. "Baba, hicho ni kitabu cha kwanza. Umeuziwa kimebandikwa jalada la cha pili."

"Najua. Nilikuwa nawapima."

"Sawa. Na huko juu ya benchi ulikuwa unapima nini?"