Hinda na Neno Karne

Kama umewahi kusimama kortini Garissa nawe Kiswahili chako hakitoshi kukutetea, huenda Hinda Nunow ndiye aliyekusemea. Ni mwanamke mrefu wa mtaa wa Waberi, mwenye sauti ya kukwaruza na hijabu ya kahawia iliyopauka mabegani. Kazi yake ni ukalimani, na wakalimani wa huku husema mkalimani hana mdomo wake. Hinda aliyaishi maneno hayo mpaka yakamuumiza. Aliwahi kutafsiri matusi aliyotukanwa yeye mwenyewe na mshtakiwa mmoja, neno kwa neno, bila kulainisha, na hakimu akabaki ameinamia kalamu yake. Ndugu zake walimnunia alipotafsiri ushahidi uliomfunga binamu yao. Kwake tafsiri ni amana, na anayeila amana ni mwizi hata akifunga Ramadhani nzima.

Ndiyo maana yaliyompata ukumbini siku ile yanachoma hata kuyasimulia.

Kamati ya amani iliandaa mazungumzo ya Waislamu na Wakristo, jambo jema kabisa, kisha ikachagua mada ya kuwashia moto: Injili ziliandikwa lini, na nani aliziandika. Upande wa Wakristo alisimama mchungaji mzee aliyekaa Garissa miaka mingi, mnunuzi wa maziwa ya ngamia kama mtu mwingine yeyote wa mjini. Upande wa pili alikuwa Ustadh Mustafe, kijana aliyelelewa Nairobi, ambaye Kiswahili chake ni kitamu kuliko Kisomali chake, na mwenyewe analijua hilo. Wote wawili wangesema Kiswahili ili wasikizane, na Hinda awatafsirie Kisomali wazee wa viti vya mbele. Mkubwa wao alikuwa Mzee Alio, mfugaji wa Kutulo, ambaye Kiswahili chake huishia kwenye bei ya mbuzi.

Mustafe alianza uchokozi mapema. Walipokuwa wakipanga utaratibu Hinda alimtaja Paulo, na kama kawaida yake tangu shule ya msingi, p, ambayo Kisomali hakina, ikageuka b. Mustafe akauliza kwa sauti ya kusikika kama huyo Baulo ana undugu na Paulo wa Wakristo. Watu wakacheka. Hinda akaendelea na utaratibu, kwa sababu alikuja kufanya kazi.

Mchungaji alizungumza taratibu. Alisema wataalamu wanabishana, ila wengi wao wanaona kwamba Injili ziliandikwa katika karne ya kwanza, miongo kadhaa baada ya Yesu, na kwamba vipande vya kale vilivyopatikana ni nakala zilizofanywa baadaye. Hinda akaitia karne katika Kisomali kwa neno lililo karibu kuliko yote, qarni. Waswahili na Wasomali wamelichota katika kisima kimoja cha Kiarabu, kwa hiyo alilitamka bila wasiwasi. Wazee wakatazamana. Mzee Alio akagonga bakora sakafuni, akasema kumbe waandishi hao walikuwa wa qarni ya kwanza, basi walimwona Nabii Isa kwa macho yao, na hapo hakuna ubishi.

Mustafe aliinuka kabla bakora haijatulia.

"Huyu mama amenunuliwa," alisema kwenye maikrofoni. "Mchungaji hakusema kwamba walimwona. Huyu ametia maneno yake."

Amenunuliwa! Mwambie hivyo mwanasiasa, atacheka na kukuagizia chai. Mkalimani ukimwambia hivyo umemwua akiwa amesimama, maana kesho nani atamkabidhi kesi ya mwanawe? Damu ilimpanda Hinda hadi masikioni. Huyu kijana wa juzi, asiyejua hata kuwasalimu wazee bila kutazama simu, ndiye wa kumwita mla rushwa mbele ya watu aliowatumikia maisha yake yote!

Lakini alishaona kosa lilipokaa. Wazee wale wamesikia msikitini tangu utotoni kwamba watu bora ni wa qarni ya Mtume, yaani kizazi chake, wale waliomwona na kukaa naye. Qarni yao ina watu ndani yake. Karne ya mchungaji ina miaka mia tu. Aliomba ruhusa ya mwenyekiti, akaeleza kwa lugha zote mbili kwamba neno ni moja na maana ni mbili, na kwamba mchungaji alikusudia hesabu ya miaka. Mchungaji, aliyekuwa ameanza kuifurahia ile bakora ya Alio, alikunja uso kidogo, kisha akakiri kuwa ndivyo alivyomaanisha.

Muungwana angeomba radhi hapo. Mustafe alimtazama Hinda kama mwizi aliyekamatwa akirudisha kuku, akaendelea na yake. Wakristo wenyewe wamekiri, alisema. Karatasi ya kale kabisa waliyo nayo si ya siku za Isa. Kabla yake walikuwa wakisimuliana tu, watu wasiojua kusoma wala kuandika. Kisha akainua kidole.

"Kitu kisicho na karatasi ya siku yake ni uongo. Na anayekisimulia kwa mdomo ni mwongo."

Maneno hayo Hinda aliyajua. Aliyasikia akiwa msichana, dirishani mwa ofisi moja, alipokwenda na baba yake kutafuta kitambulisho. Ofisa alitaka cheti cha kuzaliwa. Mzee Nunow hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni majina ya mababu, akayataja moja baada ya jingine mpaka la yule aliyechimba kisima, akataja na ukame aliozaliwa bintiye. Ofisa akasema hapo wanapokea karatasi, si waongo. Baba yake, aliyekuwa hamwogopi mtu, aliomba radhi kwa kuzaa bila karatasi. Hinda alikuja kupata kitambulisho akiwa tayari na watoto, kimeandikwa tarehe mosi Januari, siku wanayopewa wasio na cheti, kama cha mumewe, kama vya wengi waliokaa ukumbini.

Hasira ilimjaa kinywani. Angeweza kuimwaga yote, lakini hicho ndicho Mustafe alichokingojea: aongeze neno moja tu, ithibitike kwamba amenunuliwa. Basi akafanya kazi yake. Aliwageukia wazee, akayatia maneno yale katika Kisomali, polepole, bila kupunguza wala kuzidisha.

Injili ilikuwa imewatoka wazee kichwani. Kila mmoja wao ana abtirsi, ile nasaba ambayo mtoto hufundishwa kwa mdomo kabla hajakabidhiwa mbuzi wa kuchunga, na hakuna babu wa humo aliyeandikwa karatasini siku aliyozaliwa. Mzee Alio akauliza kwa upole kama ustadh amemwita babu yake mwongo.

Mustafe alikielewa Kisomali hicho vizuri sana.

"Amenitafsiri vibaya," alisema. "Sikusema hivyo."

Hinda alimnyoshea maikrofoni.

"Basi sema mwenyewe kwa Kisomali, ustadh. Waambie hawa baba zako. Mimi nitanyamaza."

Mustafe aliipokea. Alimtazama Alio, akawatazama waliokaa ubavuni mwake. Akaiweka maikrofoni mezani na kukaa.

Mchungaji aliinuka kutoa shukrani. Hinda akamkatiza kwa ukali, akamwambia asimshukuru, kwani yeye mkalimani hajasema kitabu cha mchungaji ni cha lini wala ni kweli au si kweli, ametafsiri tu. Mchungaji naye akakaa.

Kisha Mzee Alio, aliyechunga ngamia na baba yake Hinda huko Kutulo, akamwita kwa jina. Alianza na la Hinda mwenyewe, akaenda la baba yake, la babu yake, "Hinda Nunow Guled Warfa," akaendelea kupanda bila kukwama, ukumbi mzima ukimsikiliza, mpaka akamfikia yule aliyechimba kisima. Hapo akamwambia aendelee kutafsiri, wao wanamsikiliza.