Simbi Kwenye Rozari ya Mama

Jumapili, tarehe 9 Februari. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ile ya kuingia mifupani.

Leo wamevunja simbi ya mama yangu. Hapana, niandike kwa haki: mimi ndiye niliyewapa.

Mama alikuwa Mkatoliki wa Uvira, rozari haikumtoka mkononi. Punje moja ilipopotea, mahali pake akatunga simbi, kile kigamba cheupe cha pwani alichoachiwa na bibi yake. Shanga nyingine zote za huyo bibi, padri mzungu alizichoma, halafu akampa rozari. Yaani alimnyang'anya shanga akampa shanga. Mama akifika kwenye simbi alimsalimu Maria, akamsalimu na bibi yake, akaendelea. Alipokufa nililetewa rozari hiyo hapa Saltley, mtaa wetu wa Birmingham. Sina kitu chake kingine.

Sasa mume wangu amenyimwa makaratasi ya kuishi nchi hii mara ya pili. Leo baada ya ibada mchungaji wetu alikuja na mama shemasi kutuombea. Mama shemasi akauliza, "Mama, humu ndani hamna kitu cha mababu? Kitu kinachofunga njia?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini mume wangu alikuwa anatazama sakafu, nikawaza, huenda kweli ni mimi ninayemfunga. Nikaenda kuileta.

Mchungaji alikata uzi kwa mkasi wangu wa jikoni, akaiponda simbi kwa nyundo pale mlangoni. "Rozari yenyewe tutaiongelea siku nyingine," akasema, akanirudishia punje ndani ya bahasha. Kisha akamwaga mafuta ya upako kizingitini, kulia na kushoto.

Binti yangu Kiswahili anakisikia tu, hujibu kwa Kiingereza. Leo alikisema.

"Mchungaji, mama anasema bibi wa zamani alimwaga pombe mlangoni. Wewe unamwaga mafuta. Tofauti ni nini?"

"Mtoto wa Birmingham huyu!" Mchungaji akacheka. "Yule alimwagia wafu. Mimi namwagia Aliye hai."

"Mlete kwenye mafundisho, mama," akasema mama shemasi, "kabla hajawa wakili."

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma. Siwezi kusema mchungaji ni mtu mbaya: tulipofika hapa bila godoro, alitubebea la kwake kichwani, kwa miguu, kutoka mtaa wa Nechells. Na labda jibu lake ni sahihi, mimi niliishia darasa la sita. Lakini yule padri naye nadhani alikuwa na jibu.

Walibaki kula. Ugali, na sombe, majani ya muhogo, niliyoipika na samaki wa moshi. Mama alikuwa na desturi, tonge la kwanza analiweka pembeni ya sahani, la bibi yake, na mkono wangu umezoea hivyo hivyo. Nikakata tonge, mkono ukaenda pembeni. Mama shemasi akaniangalia.

Nikalila.