Akina Mama wa St Marys

Mbula alipata leseni ya kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na mitatu, kwa jaribio la nne, na alilia kwa furaha mpaka yule mtahini akaanza kupekua mifuko yake akitafuta kitambaa. Miaka kumi na sita alikuwa Sydney akienda kila mahali kwa treni na basi. Alijifunza gari kwa sababu ya kazi tu. Kampuni aliyoifanyia kazi ilimtoa kwenye nyumba ya wazee na kumtaka awe akiwazungukia wazee majumbani mwao, na huwezi kuwazungukia wazee sita kwa siku kwa basi linalopita mara moja kwa saa. Mwanawe Muema akamtafutia kigari cha manjano kilichokwisha kutumika, akakibandika mbele na nyuma ile alama nyekundu ya P wanayotakiwa kubandika madereva wachanga, akamwombea Mungu.

Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba gari linaweza kukupeleka mahali ambapo hakuna anayekusubiri. Hilo aligundua mwenyewe. Jumamosi moja ya mwezi wa nne alitoka nyumbani St Marys, kitongoji cha Sydney, kwenda kununua maziwa, akakosea njia, akajikuta kwenye barabara kuu ya kwenda milimani, na kwa kuogopa kugeuza akaendelea tu. Alipopata ujasiri wa kusimama alikuwa Blackheath, zaidi ya saa moja kutoka kwake, amevaa ndara.

Ilikuwa katikati ya majira ya kupukutika majani. Mtaa mzima alikoegesha ulikuwa umewaka. Miti mingine ilikuwa myekundu kama pilipili iliyoiva, mingine rangi ya manjano ya binzari, na upepo ukivuma kidogo majani yalikuwa yakishuka yakizunguka, hayana haraka. Kwao Kangundo jani likigeuka rangi lilimaanisha mvua imekosa na watu waanze kuhesabu debe za mahindi. Hapa watu walikuwa wamekuja kutazama tu, na makamera shingoni. Mbula alishuka, akasimama chini ya mti na ndara zake kwenye baridi, jani likamwangukia kichwani, akacheka peke yake kama aliyetekenywa.

Jioni hiyo alimpigia simu Bi Fawzia wa Granville.

Bi Fawzia alikuwa mzaliwa wa Tanga, mwenye miaka sitini na moja, mshonaji mapazia katika karakana moja ndogo karibu na reli. Alikuwa ameshona mapazia ya nyumba nyingi zenye mandhari nzuri, kwa vipimo alivyoletewa kwenye karatasi, wala hajaiona hata moja ya mandhari hizo. Mbula alipomweleza aliyoyaona, yeye aliuliza tu gari lina viti vingapi. Alipoambiwa vinne akasema basi lazima wamchukue na Dévote, maana binti huyo tangu ahamie Guildford anajua njia mbili tu, ya kazini na ya kanisani.

Dévote alikuwa Mrundi wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye sauti nene, aliyewahi kufanya kazi na Mbula kwenye nyumba ya wazee. Jumamosi iliyofuata wote wawili waliteremka kwenye treni St Marys kabla ya saa mbili asubuhi. Bi Fawzia alibeba chupa ya chai ya tangawizi, mkate wa kumimina na mswala wake. Dévote alibeba mto wa kukalia na mfuko wa kutapikia, kwa sababu, alisema, hakujua mama Muema anaendeshaje.

Mbula aliendesha kama alivyofundishwa, mikono miwili kwenye usukani, mgongo wima. Dereva mwenye P nyekundu haruhusiwi kupita kilomita tisini kwa saa, kwa hiyo kila kitu kiliwapita: malori, misafara ya pikipiki, hata mzee mmoja aliyekuwa anavuta mashua kwa gari lake. Bi Fawzia, kiti cha mbele, akajipa kazi ya kuwapungia mkono wote waliowapita, na wengi walimrudishia. Kufika mji wa Berrima alikuwa amechoka mkono.

Wikendi ile walikwenda Berrima, iliyofuata Mudgee. Hawakuwa na mpango. Walitembea barabara kuu ya mji, ambayo mara nyingi ndiyo pekee iliyokuwepo, wakaingia kila duka, wakanusa sabuni, wakala mkate wao kwenye benchi. Bi Fawzia akisali adhuhuri kwenye nyasi wenzake walikaa karibu wakamlindia viatu, ingawa hakuna aliyevitaka. Kisha waliokota majani. Walianza na machache ya kuonyesha watu nyumbani, wakaishia na mifuko. Katikati ya juma, akimsaidia mzee fulani kuvaa soksi, Mbula alijikuta anatabasamu, na mzee akimuuliza kuna nini, anasema anasubiri Jumamosi. Hakuwahi kusubiri Jumamosi tangu alipokuwa shule.

Jumamosi ya tatu ya safari zao walikwenda Merrindale, mji mdogo bondeni ambao Dévote aliuchagua kwa kufumba macho na kuweka kidole kwenye ramani.

Kilomita moja kabla ya kufika walisimama kunywa chai chini ya mti mkubwa mwekundu kando ya mto. Umande ulikuwa bado mwingi. Walikaa karibu saa nzima. Bi Fawzia alitoa sindano na uzi, vitu ambavyo havikumtoka mkobani hata siku moja, na Dévote akatunga majani kama mtu anavyotunga shada la maua, shada refu la nyekundu na manjano, akalizungusha kwenye dirisha la nyuma na kwenye vioo vya pembeni. Waliporudi garini mti ulikuwa umewamwagia majani yake juu ya paa na boneti, na yalivyokuwa mabichi kwa umande yameganda palepale. Dévote alitaka kuyapangusa. Mbula akakataa, akasema gari limependeza, waliache hivyo mpaka upepo wenyewe ulivue.

Mlangoni mwa mji, walikoingia wakitafuta choo cha umma baada ya chai yote ile, barabara ilikuwa imezibwa kwa koni za rangi ya chungwa. Bwana mmoja mwenye kizibao cha kung'aa akawajia, karatasi mkononi. Alilitazama gari kutoka mbele hadi nyuma, akatabasamu, akauliza kama wao ndio namba kumi na nne. Mbula hakuelewa. Lakini katika majaribio manne ya leseni alikuwa amefundishwa kwamba mtu mwenye kizibao cha kung'aa akikuambia kitu barabarani, unatii. Akaitikia kwa kichwa. Bwana akasogeza koni moja, akawaelekeza waingie nyuma ya gari kuukuu la zimamoto.

"Miye naona watu wengi sana wamesimama pembeni," Dévote alisema kutoka nyuma. "Wanangoja nini?"

Kabla hajajibiwa zilianza zumari za Kiskoti huko mbele, gari la zimamoto likapiga kengele, msururu ukaanza kwenda. Mbula aliangalia kioo cha nyuma. Kulikuwa na trekta lililovalishwa maboga, na nyuma ya trekta watoto wa shule wakivuta alpaka wawili, wanyama wenye sufu kama kondoo na shingo kama ngamia, waliofungwa skafu. Kushoto watu, kulia watu, wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, wanapiga makofi. Ndipo alipoelewa kwamba hawako kwenye foleni. Wako kwenye gwaride la mji.

"Bi Fawzia," alisema taratibu, bila kugeuza kichwa, "tumeingia kwenye sherehe ya watu."

"Nimeona."

"Nifanye nini?"

Bi Fawzia aliutazama umati, akaweka sawa mtandio wake, akateremsha kioo. "Endesha, shoga yangu," alisema. "Mimi nitapunga."

Akapunga. Wikendi mbili za mazoezi zilimfaa, maana alipunga kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo, akiwageukia wa upande huu, akiinama kuwaona wa upande ule. Dévote mwanzoni alijificha kwenye mto wake. Kisha mtoto mmoja akaita na kuomba jani, naye akampa. Wengine nao wakataka. Akafungua ile mifuko yao ya majani, iliyokuwa bado garini, akaanza kuyatupa nje kwa mikono miwili, anacheka kwa ile sauti yake nene, na watoto wakikimbia kando ya gari kuyadaka. Mbula aliendesha mwendo wa mtu anayetembea, mgongo wima, mikono miwili kwenye usukani, na kicheko kilichombana kifuani kikamtoka puani.

Mbele ya ukumbi wa mji palikuwa na jukwaa, na mtangazaji mwenye kipaza sauti aliyekuwa akitaja kila gari. Walipomfikia alipekua karatasi zake, hakuona kitu, akainama dirishani akauliza wao ni nani. Mbula akasema alilolijua, kwamba wanatoka St Marys.

"Akina mama wa St Mary's," bwana akatangaza, na umma wote ukashangilia, maana katika mji ule lilikuwepo kanisa la jina hilo, dogo, la mawe, na inaonekana lilikuwa halijawahi kuleta chochote kwenye gwaride.

Bi Fawzia, Mwislamu wa Tanga na mjukuu wa mwalimu wa madrasa, alipungia umma kwa niaba ya kanisa. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Walipewa zawadi ya pili. Ya kwanza waliichukua alpaka. Mbula alipopandishwa jukwaani na kukabidhiwa kapu la tufaha, chupa mbili za jemu na boga ambalo ilibidi libebwe na watu wawili, dhamira ilimsuta. Aliteremka, akamtafuta mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa makamo aliyeitwa Vanessa, mwenye kofia iliyojaa manyoya ya kuku, akamweleza yote: kwamba walikuwa wanatafuta choo cha umma, kwamba aliitikia bila kuelewa, kwamba wao si wa kanisa lile wala si wa mji ule. Akamwomba apokee boga lake.

Vanessa alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaketi kwenye ngazi za ukumbi, akavua kofia, akacheka mpaka manyoya yakaanza kudondoka. Namba kumi na nne, alieleza alipopata pumzi, ilikuwa ni chama cha watunza bustani, ambao walikuwa wamegombana asubuhi juu ya rangi ya utepe na kila mmoja akarudi kwake. Pangekuwa na pengo. Yeye usiku kucha hakulala kwa kufikiria mambo kama hayo.

"Boga ni lenu," alisema. Kisha akatoa kalamu. "Mwakani niwaandike kwa jina gani?"

Nchi ile ilikuwa imempa Mbula fomu nyingi za kujaza, lakini hakukumbuka mtu yeyote aliyewahi kumuuliza kama atarudi kwa sababu tu anapenda arudi. Aliwatazama wenzake. Dévote alikuwa amezungukwa na wale watoto wenye alpaka. Bi Fawzia alikuwa akimwonyesha kasisi wa St Mary's, aliyekuja kuwashukuru, namna ya kutunga majani kwa sindano, na hakuwa amemwambia kwamba wao si waumini wake.

"Andika hivyohivyo," Mbula alisema. "Akina mama wa St Marys. Tupo watatu."

Njiani kurudi boga lilikaa kiti cha nyuma, limefungwa mkanda, na Dévote amejibana pembeni akiwa amelikumbatia. Kisha Bi Fawzia, akitazama mbele, akasema kwa sauti ya upole kwamba yule kasisi amewaalika waje kuimba kwenye kwaya yake. Mbula aliwasha taa ya kuashiria, akaangalia kioo, akaegesha kando kama alivyofundishwa, kwa sababu machozi ya kicheko yalikuwa yamemjaa na haoni barabara. Magari yakawapita. Walikaa hapo dakika kumi nzima, watatu, kila mmoja akitulia mwenziwe anamchekesha tena, mpaka kasuku weupe waliokuwa kwenye uzio wakachoka na kelele za akina mama wakaruka.