Ameanguka kwenye Lori

Mdogo wangu alikuwa mpakiaji wa mbao Makambako, na mimi nikiuza chai palepale yanapoegeshwa malori. Wapakiaji wana sheria yao: anayewahi kupiga bodi la lori kwa kiganja, mzigo ni wake. Siku moja mwenzake alimpokonya lori aliloliwahi, naye akanyamaza. Alikuwa mpole tangu utotoni. Wakaanza kumwita bibi harusi, na kila lori alilowahi wakawa wanamchukulia.

Mimi ndiye niliyemwambia, "Ukiendelea kunyamaza watakukalia kichwani." Sikusema mara moja. Nilimsema kila siku, mbele ya wateja, maana nami nilikuwa naona aibu. Mwishowe akamzaba kibao yule mwenzake. Siku ya tatu jamaa akaja na rafiki yake, wakampasua kichwa kwa nondo.

Hospitalini nesi alitaka PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyepigwa. Mdogo wangu akasema ameanguka kwenye lori. Nesi akanigeukia. "Ni kweli, ameanguka," nikasema, wala sauti haikutetemeka. Kwetu pale, ukimchoma mwenzako, yaani ukimtaja polisi, hata salamu hupewi tena.

Aliporudi kazini na nyuzi kichwani walimwita mwamba. Nilivimba kichwa, sifichi. Sikuona kwamba waliompiga nao walikuwa wamejifunza kitu: huyu umfanye lolote, hasemi. Na kila mgeni aliyetaka jina alianza kwa kumchokoza yeye, kwa kuwa sasa asingeweza kunyamaza.

Wakampiga tena, mchana kweupe, hatua chache kutoka kwenye meza yangu. Aliyeshika nondo alikuwa yuleyule aliyezabwa kibao. Polisi walipouliza, wapakiaji wote walisema hawakuona. Nami nikasema nilikuwa nimeinama, nachochea mkaa.

Sasa yuko Matembwe kwa mama. Haongei, upande wa kulia umepooza, analishwa uji kwa kijiko. Nikienda, mama hanilaumu. Ananiuliza tu, "Mwanangu, wewe si ulikuwepo? Hukumwona hata mmoja?" Namjibu sikumwona. Nampenda mdogo wangu, na bado naogopa kuitwa mchomaji kuliko ninavyomwogopa Mungu. Nakichukia kitu hicho ndani yangu.

Aliyempiga hunywa chai kwangu kila asubuhi. Hupenda sukari nyingi. Juzi aliniuliza, kwa heshima kabisa, "Dada, mgonjwa anaendeleaje?"

Nikamwambia anaendelea vizuri.